Redio Iliyokuwa Juu ya Vichwa Vyetu

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana yangu ya kushona, pale Kadutu ambapo kijia cha kupanda Cimpunda kinakutana na barabara ya soko. Juu yake kuna mabati machache na boriti moja ya kuyashikilia, basi, hayo ndiyo majengo yetu. Anayekaa upande wenye mgongo wa kuegemea ni Télesphore, karani mstaafu wa serikali, tunayemwita Ministre, yaani waziri, kwa sababu hajawahi kusema jambo bila kulifungulia kikao. Pembeni yake hukaa Donatien, tunamwita Mégas, maana hununua mégas za simu, yaani bando la intaneti, kabla ya kununua sabuni. Halafu Bruno, mrefu kupita mlango wangu, huyo ni Pylône, yaani mnara; huendesha taxi-moto, pikipiki ya abiria, ambayo yeye huiita moto tu. Mimi ni Sindano, nipo kwenye cherehani yangu mlangoni, mguu mmoja kazini na sikio moja kwenye benchi. Mwenye kahawa ni maman Adolphine, na bila yeye hapa pangekuwa ukuta tu. Asubuhi ninayoisimulia, Adolphine hakuwepo na redio ilikuwepo, ndiyo maana tulikuwa tunatazama miguu yetu.

Pylône — Hii kahawa nani aliipika?

Mégas — Mimi.

Pylône — Ulipima maji?

Mégas — Nilipima na macho.

Pylône — Basi upeleke macho ku docteur.

Ministre — Na yangu umetia sukari. Mi nakunywaka bila sukari.

Mégas — Sikujua, ministre.

Ministre — Miaka yote tunakaa hapa, haujue?

Mégas — Na wewe, unajua yangu iko namna gani?

Ministre alichungulia kikombe cha Mégas. Adolphine alijua. Alijua kwamba Ministre hatumii sukari, kwa ugonjwa ambao Ministre hajatuambia sisi hata siku moja. Alimpa Pylône kikombe chenye mkono, tangu Pylône alipoungua vidole kwa ekzosi ya pikipiki. Alimpa Mégas nusu kikombe, kwa sababu husahau kahawa akiwa kwenye simu na ikipoa huitupa. Changu alikiweka mbali na nguo za watu, bila kuniuliza. Sasa tulikuwa na sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa ninalopashia pasi, na machicha yanaelea, na hakuna aliyejua chake.

Afadhali nieleze yaliyotokea, ingawa uso wangu unapata moto nikiyaeleza. Redio ni ya sote. Kila jioni aliyebaki wa mwisho humpa Adolphine, naye huifungia ndani ya sanduku lake la makaa, ufunguo uko kwake. Jumatatu moja alifungua sanduku, redio hamna. Tukainama, tukatafuta chini ya benchi, chini ya cherehani, chini ya magunia. Kisha Mégas akatoa simu. Alikuwa amepata programu ya akili ya mashine, ile unayoiuliza chochote inajibu, akaandika, tena akitusomea anachoandika, kwa Kiswahili chetu cha «njo» badala ya «ndiye»: «Maman mwenye kuuza kahawa njo anafungiaka radio yetu. Radio imepotea. Nani aliiiba?»

Simu ilimsifu kwanza kwa swali lake zuri. Halafu ikasema kwamba kwa maelezo hayo, mwenye ufunguo ndiye wa kufikiriwa kabla ya wengine, quatre-vingts pour cent, asilimia themanini. Mégas aliyasoma hayo kwa sauti, Adolphine akiwa anammiminia Pylône kahawa.

Adolphine aliinua birika.

— Ni hii simu njo inasema? akauliza.

— Njo inasema, maman, Mégas akajibu.

— Na ninyi, munasema je?

Tulinyoosha vikombe. Alimaliza kutumiminia wote, kila mtu kwa namna yake, ya Ministre bila sukari. Akazima makaa kwa maji, akafunga thermos ndani ya kitenge, akaondoka. Mgongo wake haujageuka kona, Ministre akatoa methali: «Kikulacho ki nguoni mwako.» Methali zake zote amezipata kwenye redio hiyohiyo.

Laiti maneno yangebaki kwenye benchi. Maneno ya Kadutu hayabaki. Mke wangu Agnès alisikia sokoni, kwa mwenye kuuza nyanya, kwamba Jumapili katika shirika lao, ile jumuiya ndogo ya kusali ya mtaa, walimwomba Adolphine arudishe ufunguo wa chumba cha sala, «kwa muda tu, maman, mpaka maneno yatulie». Ndiye aliyekuwa akiutunza tangu zamani. Alifungua fundo la kitenge chake, akauweka mezani, akaenda kukaa nyuma kabisa mpaka sala ikaisha. Agnès aliponihadithia hakunikemea. Aliniwekea chakula, akaingia ndani.

Halafu siku moja kabla ya asubuhi hiyo ikanyesha, bati likavuja juu ya kofia ya Ministre. Pylône alisimama juu ya benchi ili alisogeze, mkono wake ukagusa kitu juu ya boriti. Akashuka nacho polepole. Ilikuwa redio.

Hapo ndipo sote tulikumbuka. Jumamosi iliyotangulia Jumatatu ile palikuwa na match, mawimbi yanakatika, na Pylône akainyanyua redio mpaka juu ya boriti ili ikamate vizuri. Sisi tulikuwa tunampigia kelele: juu, juu tena, hapohapo. Mapile, betri zake, yakafa kabla ya match kuisha, mvua ikashuka, kila mtu akakimbilia kwake akidhani mwingine ameshampa Adolphine redio. Tangu hapo tulikaa chini yake tukimtafuta mwizi.

Asubuhi hiyo redio ilikuwa imewekwa katikati ya benchi, na hakuna aliyeiwasha.

Ministre — Bon. Tufungue kikao. Mi naona kosa iko ya machine. Machine ilimushitaki mutu wa heshima.

Mégas — Machine haionake kitu, ministre. Nilifuata video mingi juu yake. Inasomaka maneno ya batu bote ya dunia, kisha inatafuta neno gani inafaa kufuata ingine. Ni mambo ya probabilité, hesabu ya kubahatisha. Haikusema maman aliiba. Ilisema, batu bakianza hadisi vile, kawaida inaishaka vile.

Pylône — Kumbe iko sawa na soko yetu. Unapita, unasikia kila kitu, na hakuna mwenye alisema.

Ministre — Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Pylône — Ilikuwa ku boriti, ministre. Haikukuwa mu maneno.

Ministre alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Mtu anayependa kusema sana hupata taabu akiwa na haya, kwa sababu haya haina hotuba.

Ministre — Basi miye niwaambie siri ya serikali. Ile si machine. Ni mutu. Eko Kinshasa, mu bureau, na dossier kubwa ya ba maman bote benye kuuza kahawa. Ukiuliza, anafungua page. Njo maana anajibu mbio.

Mégas — Mutu moja, dunia muzima?

Ministre — Nilikuwa karani. Najua kazi mutu moja anaweza kufanya kama hakuna mwenye kumusaidia.

Pylône — Mi nawaza ingine. Simu na radio hazipendane. Mbele simu haijafika, radio njo ilikuwa inatuambia mambo. Simu ilisikia wivu. Ilijua radio iko wapi, ikanyamaza.

Mégas — Simu ilikuwa na camera, lakini camera inaangaliaka chini. Ukiishika vile batu bote banaishikaka, haiwezi kuona ku boriti. Bale ba-designer baliitengeneza ku inchi ya tambarare. Kwao hakuna mulima, hakuna kitu ya kuangalia juu. Kama balizaliwa Kadutu, bangeiweka jicho ku kichwa.

Siku nyingine tungecheka mpaka Adolphine atuambie tutamwaga kahawa. Pylône alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. Mimi nilisimamisha cherehani.

— Mégas, nikasema, ile jibu ya siku ile, iko ingali mu simu?

— Iko.

— Ifungue. Usome yote.

— Nilisoma yote.

— Fungua tu.

Akaifungua. Sikuwa na akili yoyote ya ziada, ni kwamba mimi ni mshonaji, na nguo haijaisha mpaka uone upindo. Kweli, chini ya maneno yale, palikuwa na neno dogo la rangi ya majivu: «Suite», yaani «inaendelea». Pembeni yake palikuwa na dole gumba kubwa la kijani, la kusema jibu limekupendeza. Siku ile Mégas alibonyeza dole gumba. Sasa alibonyeza lile dogo, na maneno mengine yakashuka. Aliyasoma kwa Kifaransa, sauti ikipungua kila mstari. Mashine ilikuwa imesema kwamba hilo ni kisio tu, kwamba yenyewe haijaona chochote, kwamba watu wasimshitaki mtu kwa kisio. Ikashauri watafute kwanza pale redio ilipotumika mara ya mwisho, na waongee na mama huyo kwa heshima.

Makaa yalikuwa yanalia kwenye mbabula.

Pylône — Ilikuwa pale tangu siku ile?

Mégas — Ilikuwa pale.

Pylône — Na haukugusa?

Mégas — Kidude iko kadogo, Pylône. Na mégas zilikuwa zinaisha. Na tulikuwa tumeshapata jibu.

Ministre — Batengenezaji njo babaya. Baliweka kubwa ya kusifu, kadogo ya ukweli. Hata bureau yetu ilikuwa vile. Mulango ya mbele ya bageni, mulango ya nyuma ya kazi.

Pylône — Moto yangu klaxon ya kupigia kelele iko na nguvu kuliko frein ya kusimamisha. Nikigonga mbuzi, nitasema ni batengenezaji?

Ministre — Itategemea mbuzi ni ya nani.

Mégas — Lakini kuko mambo ya psychologie ndani. Nilisikia. Mutu wa kwanza akitia neno, benye kufuata banaliegemea, hata haiko na nguvu. Pour cent vilevile. Kama machine ingesema «labda», tungeendelea kutafuta. Ilisema quatre-vingts. Quatre-vingts njo ilituua.

Pylône — Wewe njo ulimuandika yeye mbele. Uliipa mutu moja tu. Haukuandika Pylône, haukuandika Ministre.

Mégas — Juu ya nini ningewaandika? Ninyi ninawajua.

Alishtuka mwenyewe kusikia alichosema. Alikizima kioo cha simu na kuilaza magotini, uso chini.

Ministre — Penye wengi hapaharibiki neno. Tulikuwa batu bane.

Mimi — Njo maana liliharibika mara ine.

Pylône alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Ni mtu wa barabara, amezoea kutukanana na magari makubwa, lakini sauti yake ilitoka ya mtoto.

Pylône — Mi sikuamini ile jibu. Kweli ya Mungu. Nilijua maman haibake. Nilinyamaza juu alikuwa ananimiminia mimi. Kikombe ilikuwa mu mukono. Niliwaza, nikisema kitu, kahawa itamwangika. Sasa nikiwa ku moto nikiona maman yeyote na thermos, nageuza uso. Nasikia haya.

Ministre — Sote tunasikia haya, Bruno.

Sikumbuki Ministre kuwahi kumwita kwa jina lake. Alijikohoza, akasimama, na tukajua kikao kinafika kwenye maazimio.

Ministre — Tutaenda kwake. Leo. Bane, na radio mu mukono, ajionee. Tutamuomba pardon, kisha tutaenda mupaka ku shirika yake, tuseme mbele ya batu bote kosa ni yetu, bamurudishie ufunguo. Nitasema mimi.

Pylône — Wewe tena?

Ministre — Nani mwingine anajua kusema?

Mégas — Nilikuwa nimetayarisha kitu. Asubuhi. Niliiomba machine ituandikie pardon.

Pylône — Ileile machine?

Mégas — Inaandikaka muzuri. Musikilize. «Mama mpendwa, tunatambua kwa unyenyekevu kwamba maneno yetu yamejeruhi heshima yako. Tunathamini miaka mingi ya huduma yako kwa jamii yetu. Tafadhali upokee masikitiko yetu ya dhati...»

Yalikuwa maneno mazuri. Hakuna kati yetu ambaye angeyapata. Ministre alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, anayafanyia mazoezi kwa midomo.

Pylône — Hii ni pardon ya nani?

Mégas — Ya sisi.

Pylône — Neno gani ndani yake ni ya sisi?

Mégas alisoma tena kimya, kutoka juu mpaka chini, anatafuta. Hakupata.

Mégas — Pale juu imeacha nafasi. Inasema tutie jina yake muzima.

Ministre — Tia.

Mégas — Adolphine nani?

Tulitazamana. Cherehani yangu ilikuwa imesimama, sikuwa na kelele ya kujifichia.

Ministre — Andika maman Adolphine. Inatosha. Anajua ni yeye.

Mégas — Twende sasa?

Ministre — Haraka haraka haina baraka. Tumalize kahawa kwanza.

Hakuna aliyekuwa anakunywa ile kahawa. Tulikuwa tumevishika tu vikombe, vimepoa. Basi tukakaa hivyo, tunaimaliza kahawa tusiyoinywa, redio katikati, na nadhani kila mmoja alikuwa anashukuru moyoni kwamba bado dakika chache.

Ndipo akateremka mwanamke kutoka kwenye barabara, kikapu kichwani kimefunikwa jani la mgomba, viatu vimejaa udongo wa mbali. Harufu ilimtangulia. Ilikuwa kahawa iliyokaangwa jana, ile yenyewe, ya Adolphine. Pylône alifumba macho.

— Bonjour, ba papa. Hapa njo ku benchi ya maman Adolphine?

— Njo hapa, Ministre akasema, akisimama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibu, maman.

— Naitwa Aimée. Natoka Katana. Mama-mukwe wangu njo anamuletaka kahawa kila mwezi. Mugongo inamuuma, ananituma mimi. Ni mara yangu ya kwanza kufika huku.

— Weka kikapu hapa, maman, akasema Mégas, akisogeza redio kumpa nafasi. Upumzike. Tutaipokea.

— Aksanti, papa, lakini haiko ya hapa. Mama-mukwe alisema nimupe Adolphine mukono kwa mukono, juu Adolphine alimuuguza wakati alilala ku hôpital ya huku, siku zote, na hakumujua mbele. Alisema nimusalimie sana.

Hilo hatukulijua. Tuliangalia machicha kwenye vikombe.

— Eko wapi? akauliza.

— Leo hakukuya, Pylône akasema.

— Eko mugonjwa?

— Hapana. Hakukuya tu.

— Basi haina shida, maman Aimée akasema, akakiweka sawa kikapu kichwani, tayari kwa njia. Munielekeze kwake. Nyumba yake iko wapi?

Swali lenyewe lilikuwa dogo hivyo. Ministre, aliyekuwa bado amesimama, alinyoosha mkono kuelekea kijia cha kupanda, kisha mkono ukasita hewani.

Ministre — Anatokeaka huku juu. Ni Cimpunda.

Mégas — Mi niliwaza ni Nyamugo.

Ministre — Asubuhi anatokeaka juu.

Mégas — Asubuhi anatoka kununua makaa, njo maana.

Wakamgeukia Pylône. Ndiye wa pikipiki, ndiye anayejua mji mzima, kutoka Bagira mpaka Nguba.

Pylône — Nilimubebaka mara moja. Mvua ilikuwa nyingi. Aliniambia nimuache pa kalavati, moto isiteleze, nisipate hasara juu yake. Akashuka na miguu. Sikuangalia alipita wapi.

— Musijali, akasema maman Aimée kwa upole, akidhani tunamwonea haya mgeni. Muniambie tu jina ya mubwana wake, nitauliza mu njia.

Mkono wa Mégas uliteremka kwenye simu magotini, kwa mazoea. Kioo kikawaka, kile kisanduku cheupe kikatokea, kinangoja kuandikiwa. Kidole chake kilisimama juu yake.

Pylône — Utaandika nini? Maman mwenye kuuza kahawa?

Mégas alikizima kioo.

Maman Aimée alikuwa bado amesimama, kikapu kichwani, anangoja jibu kwa wanaume wanne wa benchi la Adolphine. Alimtazama Ministre kwanza, kwa kuwa ni mzee, na Ministre akakaa chini. Akamtazama Mégas, akamtazama Pylône. Aliponifikia mimi niliinamia cherehani, nikawa natunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.